Mpiga Dramu wa Wimbo wa Saba

Saa nne na robo asubuhi, Fundi Saa alikuwa amebana lenzi jichoni, akiokota skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari, mikono yake ilipoanza kupiga dramu. Ilipiga mezani dakika sita na nusu: fanki ya enzi zile za suruali za bugaluu, kila pigo mahali pake. Mteja aliyekuwa akisubiri aliondoa miwani yake mezani isije ikavunjika, akaendelea kusoma gazeti.

"Leo wamewahi," mteja alisema wimbo ulipokwisha.

"Huko kwao labda ni jioni," Fundi akajibu, ameshapiga magoti kutafuta skrubu.

Mambo haya yalianza pale kampuni moja ya mbali ilipokusanya nyimbo kumi na mbili za zamani, za fanki na disko, kwenye santuri moja. Wimbo wa saba dramu alipiga yeye, akiwa na miaka ishirini na moja. Hakuna aliyemuuliza. Tangu hapo, mtu yeyote popote duniani akiuweka wimbo ule, mikono ya Fundi huacha ilichoshika na kwenda kazini. Vikombe vilivunjika, akazoea. Wateja walipungua, akazoea pia, shingo upande.

Ila binti yake alipojifungua, mazoea yakamshinda. Mjukuu alikuwa na wiki tatu na babu hajampakata hata mara moja. Atampakataje, na mikono si yake? Alikaa kiti cha mbali, ameshika tama, akimtazama mtoto anavyopiga miayo mikononi mwa kila mtu, hata jirani. Roho ilimuuma kwelikweli.

Akaiandikia kampuni. Aliomba tu wasikilizaji wapangiwe saa, naye apate japo nusu saa yake kwa siku. Jibu likaja kwenye karatasi nzuri. Walimshukuru kwa kuipenda santuri yao, wakamwarifu kwamba mpiga dramu wa wimbo wa saba alishafariki, kama ilivyoandikwa kwenye jalada, na kwamba toleo la pili lilikuwa njiani.

"Baba, hawa wameshakuzika," binti alisema.

"Basi si wangemwacha marehemu apumzike?"

Binti hakucheka. Jumapili alikuja na mikanda miwili ya suruali za mumewe, akaifunga mikono ya baba yake kwenye mikono ya kiti, akamlaza mtoto kifuani pake. Mtoto alinukia maziwa. Haikupita dakika, vidole vikaanza kuhangaika na kiti kikatikisika.

"Inauma, baba?"

"Kaza kidogo, mama."

Akakaza. Mtoto akalala. Babu alitamani kumpapasa kichwa. Kilichofika ni kidevu, akampapasa kwa kidevu.

Toleo la pili lilitoka mwezi uliofuata, na wimbo wa saba sasa hupigwa karibu bila kukoma. Duka Fundi amelifunga. Kila Jumapili binti huja na mikanda, na baba mtu mwenyewe huweka mikono yake juu ya mikono ya kiti, kabla hajaambiwa.