Maji ya Kusuuza Kwenye Spinachi

Wewe mama ambaye mikono yako haijui kutulia, sikiza ya Filister, usije ukaua shamba la mtoto ukidhani unalibariki.

Filister alitoka Kibera, upande wa Olympic, akafika Gatina. Bintiye Amondi alikuwa ameacha kazi ya duka la nguo ili alime juu ya paa la ploti ya wapangaji. Bila udongo. Mama alikuwa amelalamika njia nzima, lakini alipomaliza ngazi ya mwisho, akasimama kutazama. Spinachi ilijaa kwenye mabomba meupe, kijani mpaka ukutani, na maji yakipita chini ya mizizi taratibu.

"Hii pampu naiwasha na simu, Mathe. Hata nikiwa kwa bafu."

"Jembe limeingia bafuni," Filister akacheka. "Tutaona mengi."

"Landlord anakuja saa sita. Akipenda, anatupatia na paa la ploti yake ya Kabiro. Asipopenda, anarudisha hapa kamba za wapangaji za kuanikia nguo."

Amondi akashuka kufunga mboga za mteja aliyeagiza kwa simu. Filister akaona maji ya tangi la mboga yamepungua. Kando yake, mpangaji alikuwa ameacha ndoo ya maji ya kusuuza nguo. Kwao Kibera maji hayamwagwi: ya kusuuza hupiga deki, ya deki huenda chooni. Basi akainua ndoo, akamimina yote tangini, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa raha.

Kule chini simu ya Amondi ikalia: kipimo cha tangi kilikuwa kimeona maji yamebadilika. Msichana akapanda ngazi mbilimbili.

"Mathe, umeweka nini kwa tangi?"

"Maji tu. Yalikuwa yanakaa bure."

"Hayo ya ndoo ya Mama Kavoi, mpangaji wa chini? Huyo hutia dawa ya madoa." Akabonyeza simu, pampu ikanyamaza. "Hayajafika mbali. Lakini lazima tumwage yote, tuoshe mabomba. Na mfereji leo umekauka."

Filister akaweka ndoo chini. Saa sita ilikuwa karibu kupiga. Akainama juu ya ukuta wa paa, akaita uani chini: "Wamama wa ploti, spinachi inakufa. Nani ana mtungi wa maji safi?"

"Mlituondolea kamba, sasa mnataka maji?" Mama Kavoi akajibu.

"Kamba utarudishiwa, dada, lakini mboga utafuata sokoni ikiwa imelala."

Kicheko kikapanda ngazi, na mitungi ikafuata. Mmoja ulikuja mkononi mwa landlord mwenyewe, Ndungu, akihema.

"Nimeingia kwa gate yangu, Mama Kavoi akanibebesha maji," alisema. "Hapa ni kwa nani?"

Wakamwaga, wakasuuza, wakajaza upya, wakatia chakula cha mimea. Amondi akawasha pampu, wote wakakodolea simu macho mpaka alama nyekundu ikageuka kijani. Wamama wakapiga vigelegele.

Ndungu, akiisha kusimuliwa kisa, akavunja jani, akalitafuna. "Kwa hivyo simu ilijua kabla ya watu?"

"Kabla yangu mimi niliyekosa," Filister akasema.

"Basi chukueni Kabiro. Lakini tangi la huko liwe na kifuniko na kufuli."

"Na ufunguo asipewe mama ya mtu," Mama Kavoi akaongeza.

Filister alicheka kuwashinda wote. Akiondoka alipitia duka la Gatina, akanunua kufuli, akarudi kumpa Amondi funguo zote mbili.