Bonanza la Kiwanda cha Mapazia

Mume alikuwa msahihishaji wa vitabu kwa miaka thelathini, na tangu astaafu hakuwa na cha kusahihisha isipokuwa mke wake. Mke, mkataji vitambaa kwenye kiwanda cha mapazia, alimvumilia. Alijua mwenzake hana pa kupeleka macho yale.

Jioni moja mke akaja na habari kwamba Jumamosi kiwandani kuna bonanza: kuvuta kamba, mbio za magunia, mpira wa kina mama, na kila mfanyakazi aje na mtu wake. Mume akavua miwani. Akasema hilo ni neno la Kihispania, na maana yake ni bahari iliyotulia. Mabaharia walilitumia hali ya hewa ilipokuwa shwari. Baadaye wachimba madini wakalichukua, wakaita hivyo mwamba wenye madini tele. Hakuishia hapo, akarudi nyuma mpaka Kilatini. Zamani neno lenyewe lilianza na silabi "mal", iliyosikika kama neno lao la "baya". Watu wakadhani ndilo, wakaona haifai kwa jambo zuri namna ile, wakaitoa na kuweka "bon", yaani "jema".

"Humo hamna kamba wala gunia," akamaliza.

Mke hakubishana. Alipakua chakula kwanza, ndipo akauliza, "Kwa hiyo watu walikosea, na kosa lao likapendeza?"

Mume akavaa tena miwani, akavuta sahani.

"Basi njoo Jumamosi tukosee pamoja."

Akaenda, shingo upande. Timu ya wakataji ilipungukiwa mtu mmoja kwenye kamba, na mama wa stoo, ambaye mdomo wake haukujua likizo, akamwambia shemeji aache kusimama kama nguzo ya umeme. Akatia miwani mfukoni, akashika kamba nyuma ya mkewe. Hawakumaliza hata dakika. Walivutwa wote wakaenda chini kwenye tope, yeye akiwa wa chini kabisa. Mke aligeuka kwa hofu, akamkuta anacheka hadi machozi. Kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu mumewe aagwe kazini.

Njiani mume aliuliza mazoezi ya kamba hufanyika siku gani, na kama mstaafu anaruhusiwa. Walipofika akaketi kwenye kochi kungoja chai. Chai ilipokuja, alikuwa ameshalala na viatu vyake vya matope. Mke akaweka kikombe mezani, akapiga magoti, akamvua kimoja kimoja, taratibu, asimwamshe.