Pijo Yaitwa kwenye Ukaguzi wa Madaraja

Jumapili moja ya kiangazi, baada ya kushiba makande na kuvua viatu, Anaeli Mshana alijinyoosha kwenye kochi la sebuleni kwake, pale Same, akaota ndoto ambayo hadi leo haisimulii kabla hajatazama nani yuko nyuma ya mlango.

Alilala na shaka. Na shaka yenyewe ilikuwa na jina: Kibacha.

Bwana huyo, mrefu, mwenye koti la kaki na tochi ndogo mfukoni, alikuwa ameanza kuja pale nyumbani, na kila alipokuja Anaeli hakuwepo. Habari alizipata kwa jirani. Akaambiwa Kibacha husimama na Namsifu, mke wa Anaeli, kwenye mlango wa banda la gari, wakanong'ona kidogo, tochi ikawashwa, kisha mgeni akaenda zake. Ndani ya banda kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumvuta mtu mwenye tochi. Ni Pijo 504, GL, ya rangi ya maziwa.

Gari hilo walilinunua pamoja mwaka waliooana. Namsifu alikuwa mkunga, na ndiye aliyekuwa akiliendesha, akipanda nalo milima ya Upare kwenye ukungu kuwafuata wanawake walioshikwa na uchungu, Anaeli akiwa pembeni ameng'ang'ania mlango. Sasa binti yao Elinami, aliyeko Dodoma, alikuwa amewaletea gari jeupe, jipya, fulu opsheni, linalofunguka kwa kuguswa tu. Pijo ikatolewa betri, ikapumzishwa.

Anaeli akahitimisha kwamba mkewe anaiuza kwa siri. Alifunga uzi mwembamba kwenye komeo la banda ili amjue anayefungua. Kumwuliza Namsifu, hakumwuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kufunga uzi.

Basi akalala. Na mara akajikuta yuko bandani.

"Shikamoo," ikasema Pijo.

"Marahaba," akaitikia Anaeli. Hakuona ajabu. Gari lilikuwa dogo kwake kwa umri.

"Nimeitwa kwenye ukaguzi wa madaraja ya magari. Nisipofika nitafutwa herufi zangu za buti."

"Nani amekuita?"

"Wakubwa."

"Kibacha yumo?"

"Mimi majina siyajui, mzee. Watu nawajua kwa uzito."

Anaeli aliona jibu hilo limekaa kimtego, lakini hakulifuatilia. Anafungua mlango wa dereva. Namsifu tayari amekaa kwenye usukani, mkoba mapajani, amevaa sare yake ya zamani ya ukunga iliyopigwa pasi vizuri.

"Naona umewahi," Anaeli anasema.

"Njia ni mbaya. Panda. Na uwashe waipa."

"Hakuna mvua."

"Washa tu, Baba Elinami."

Anazunguka, anapanda upande wa pili, anawasha waipa. Zinalalamika juu ya kioo kikavu. Moyoni anajiambia: mwanamke anayetaka waipa jua likiwaka ana jambo lake.

Wanatoka bandani na barabara ya lami inawapitisha moja kwa moja katikati ya jiko la mama mkwe wake, ambaye alishafariki zamani. Mama mkwe anainua sufuria kutoka mafigani ili wapate kupita.

"Shikamoo, mama," anasema Anaeli kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Mbona gari lenu halina zulia? Naona mpira mtupu."

"Zulia ni la daraja la juu, mama."

"Basi pangusa miguu kabla hujaniingilia jikoni."

Anaeli anapangusa miguu ndani ya gari lililo mwendoni. Namsifu anaendesha taratibu, kifua kimegusa usukani, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Jiko linakwisha. Wanaingia kwenye wodi ndefu ya wazazi. Kwenye vitanda wamelala magari ya kale, yamefunikwa mablanketi hadi kwenye taa, na moja linaomba maji ya rejeta kwa sauti ya chini.

Mwisho wa wodi kuna meza. Juu ya meza amesimama mkaguzi.

Mkaguzi ni waipa. Ni mrefu, mweusi, mkavu, amevaa tai. Akifikiri huinama kulia, kisha huinama kushoto, kisha kulia tena, kwa hiyo mtu hajui kama anafikiri au anakataa.

"Daraja?" anauliza.

"GL," Pijo inajibu.

"Maana yake?"

"Sijui. Nilipewa nikiwa bado sijapakwa rangi."

Mkaguzi anainama kulia, anainama kushoto. "Zamani mambo yalikuwa wazi," anasema, na sauti yake inalegea kidogo kwa kumbukumbu. "Gari la chini lilikuwa na viti vya leza, ile ngozi ya plastiki, vinakuunguza mapaja saa sita mchana. La kati lilikuwa na kitambaa. La chini kioo cha pembeni kilikuwa kimoja, la kati viwili. La juu lilikuwa na saa. Ukiwa na la chini na unataka kujua saa, unasimama, unamwuliza mpita njia, mnasalimiana, unajua na habari za mji. Herufi mbili kwenye buti zilitosha. Jirani akizisoma, anajua akukaribishe chai au akukaribishe chai na mkate."

Magari vitandani yanaguna kukubali.

"Siku hizi je?" Pijo inauliza.

Kabla mkaguzi hajajibu, linaingia gari jeupe la Elinami. Mlangoni halikupita, lakini limeingia. Nyuma limebandikwa maneno ya sifa mengi kiasi kwamba namba za usajili zimekosa pa kukaa na zimeshikwa mkononi. Anaeli hataki kujua ni mkono wa nani.

"Una nini?" anauliza mkaguzi.

"Ninavyo vyote," linajibu gari jeupe kwa sauti laini ya mwanamke wa benki. "Viti vya kupasha joto, kamera pande zote, taa zinazogeuka na kona."

"Pasha kiti."

"Siruhusiwi."

"Si umesema unacho?"

"Kimo, ila kimefungwa. Mwenye gari akilipia mwezi, kinafunguliwa. Asipolipia, kinalala." Gari jeupe linapepesa taa za hatari. Ndivyo linavyolia. "Hawa wenzangu wa zamani walikosa zulia, wakajua wamekosa zulia. Mimi nimelala juu ya vitu vyangu mwenyewe na siwezi kuvigusa. Nikipita kwenye baridi nasikia kiti changu kinanung'unika."

Anaeli anaingiwa na huruma, halafu anajikaripia. Gari limekuja bila kuitwa. Lazima limetumwa.

"Kanuni ya sita," anasema mkaguzi. "Gari halipewi daraja kumzidi mwenyewe. Wenye gari wafungue vifua."

Anaeli anafungua shati. Kifuani ana dashibodi. Vitufe vimepangwa mstari mmoja chini ya mifupa ya mabega: cha kuimba besi, cha kuamka mapema, cha kukumbuka mipaka ya mashamba ya watu, na cha kutilia shaka, ambacho kimebonyezwa hadi maandishi yamefutika. Mwisho wa mstari kuna kiziba cheusi cha plastiki. Hakina alama wala hakibonyezeki.

"Hapa palikuwa pawekwe kitufe cha kumwuliza mke," anasema mkaguzi. "Daraja lako halikuja nacho. Ulizibwa tu, tundu lisionekane."

Namsifu naye amefungua kola ya sare. Vitufe vyake vyote vipo. Ila juu yake inawaka taa ya njano, ile ya kuonya, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Anaeli anaitazama. Ndiyo hiyo. Kibacha ndiye anayewaka hapo. Anafungua kinywa amwambie mkewe kitu, na kinachotoka ni hewa, kama ya tairi.

"Daraja la chini," anasema mkaguzi, na anainua muhuri.

Pijo inakohoa. Moshi mwembamba unatoka.

"Mzee, kibandue hicho kiziba."

"Nyuma hakuna kitu," anasema Anaeli.

"Nani amekwambia? Kiwandani walitandaza waya wa aina moja kwenye magari yote. Kutandaza wa aina mbili ni usumbufu. Mimi mwenyewe nyuma ya kiziba changu mna waya wa taa ya ukungu. Miaka yote tumepanda milima ya Vudee kwa kupapasa, na waya nimeukalia. Hamkuwahi kuchungulia."

"Hizo ni siri za kiwanda!" mkaguzi anafoka, akiinama kulia na kushoto kwa haraka.

Anaeli anasita. Inawezekana ni njama. Inawezekana akikifungua kifua chake, hapo hapo ndipo Kibacha ataingilia. Anamtazama Namsifu apate kumsoma usoni. Namsifu naye anamtazama, lakini macho yameangukia pembeni kidogo, begani, kama mtu anayemsalimia aliyesimama karibu na Anaeli. Anatabasamu kwa hilo bega.

Hapo hofu nyingine inamshika Anaeli. Anachomeka ukucha chini ya kiziba, anakivuta. Kinauma kama plasta inayotoka na nywele. Nyuma yake mna nyaya mbili zinazong'aa, mpya, hazijawahi kuguswa. Anazikutanisha kwa vidole.

"Mama Elinami," anasema, "Kibacha anataka nini hapa kwetu?"

Magari vitandani yanainua taa kutoka kwenye mablanketi.

"Anataka macho yangu," anajibu Namsifu.

"Anayanunua?"

"Anayatafutia dawa. Ni wa hospitali ya macho. Nina mtoto wa jicho, Baba Elinami, kulia na kushoto. Anasema wanautoa huo ukungu na mtu anaona tena, mradi nisindikizwe. Mimi kila akija namwambia arudi wiki ijayo."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekwambia, ungechukua ufunguo wa gari. Usingeniuliza naona nini, naogopa nini. Ungechukua ufunguo tu."

Anaeli anautafuta mkono wake mwingine na kuukuta mfukoni, umeushika ufunguo wa Pijo kwa nguvu. Anauachia polepole.

"Sasa hivi unanionaje?"

"Kama uko nyuma ya chandarua. Sauti yako ndiyo inayonionyesha ulipo."

Mkaguzi ameshusha muhuri. Anavua tai, anaikunja, anaiweka mezani.

"Hili si suala la daraja," anasema. "Hili ni suala la kufuta, na kufuta ndiyo kazi niliyosomea kabla sijapandishwa cheo." Anateremka mezani, anapanda juu ya boneti ya Pijo, anajilaza kwenye kioo. "Upande gani, mama?"

"Wangu," anasema Namsifu.

Mkaguzi anaanza. Kwiii, kwaaa. Kwiii, kwaaa.

Anaeli aliamka. Jua lilikuwa limehamia ukutani. Namsifu alikuwa amesimama mbele yake na chupa ya chai, anamimina. Chai ilikuwa inateremka kando ya kikombe, inajaza kisahani, na yeye anasikilizia kwa makini mlio wa kujaa.

Siku nyingine yoyote Anaeli angepangusa meza, akakaa kimya, akaanza kutafuta maana yake. Safari hii alimshika mkono ulioshika chupa.

"Mama Elinami, huyu Kibacha anakuja kwa nini?"

Namsifu aliketi ukingoni mwa kochi, akaifunga chupa, akaikosa mara ya kwanza.

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

Akamweleza. Alimweleza ukungu ulioanza kabla ya Pasaka, na namna anavyozijua njia za nyumbani kwa kupapasa kuta. Pale mlangoni mwa banda, alisema, jua la asubuhi linaingia vizuri, ndiyo maana Kibacha alikuwa akimsimamisha hapo, anammulika kwa tochi, anamgeuza kichwa. Gari hata hakulitazama.

"Niliogopa hutaniacha niendeshe tena," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo, yeye ambaye aliwahi kuwaamrisha wanaume wazima wabebe machela mvuani.

Anaeli alikaa naye pale mpaka chai ikapoa.

"Kesho tunakwenda," alisema. "Kwenda, nitaendesha mimi."

"Na kurudi?"

"Kurudi, mimi pia. Wakishatoa bandeji na daktari akakubali, unanipeleka wewe Vudee."

"Kwa lile jeupe?"

"Lile halijui njia. Kwa Pijo."

Namsifu akacheka, akatafuta uso wake kwa kiganja, akaupata.

Mambo ya hospitali yalikwenda vizuri, na Vudee walifika. Namsifu aliendesha njia yote ya kupanda, Anaeli akiwa ameng'ang'ania mlango kama zamani. Hilo wanalisimulia kwa yeyote. Lisilosimuliwa kwa yeyote ni la jioni ile ile ya Jumapili ya ndoto.

Jua likiwa halijazama, Anaeli aliichukua betri ya Pijo kutoka chini ya kitanda cha wageni, ilikokaa tangu gari lilipopumzishwa, akaibeba kifuani hadi bandani. Uzi wake kwenye komeo ulikuwa bado mzima; aliukata kwa kidole, akasukuma mlango kwa mguu. Gari lilikuwa limefunikwa na vumbi la kiangazi, jekundu, zito, kuanzia boneti hadi buti, na kioo cha mbele hakikuonyesha ndani.

Isipokuwa upande wa dereva. Hapo palikuwa na nusu duara ya waipa, iliyofutwa safi, na chini yake vumbi limesukumwa likakusanyika kwenye ukingo, kama la sasa hivi.

Anaeli alisimama, betri mikononi.