Herufi za Mzee Lazaro

Mwaka tisini na sita kiwanda cha chai kilipata mmiliki mpya, na Mzee Lazaro akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Alikuwa karani wa mizani kwa miaka ishirini na mitatu. Alirudi kijijini kwake Ibighi na baiskeli, koti la mvua, na bunda la karatasi za kufungia chai ambazo hakuna aliyezitaka.

Hakuna aliyejua kwamba anajua kuchora, hata binti yake Tulinagwe, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiishi naye tangu mama afariki. Kila asubuhi baada ya uji mzee aliketi dirishani, akachora nchi isiyokuwepo. Milima ya nchi hiyo ililala ubavu kama ng'ombe. Migomba yake ilizaa mikono ya watu badala ya ndizi. Mto ulipanda mlima, umebebwa mabegani kama jeneza na watu wasio na nyuso. Chini ya kila picha palikuwa na mistari ya herufi ngeni, zimepinda na kushikana kama mizizi.

"Baba, hiki ni Kiarabu?" Tulinagwe aliuliza.

"Hapana."

"Kihindi?"

"Ni cha huko," alisema, akigusa picha kwa ncha ya kalamu. "Huko hawaandiki kama sisi, mwanangu. Wanaanzia chini."

Kurasa zilipofikia kutosha kitabu, alizipeleka mjini kwenye duka jipya la steshenari zikajalidiwe. Mwenye duka akamwonyesha mteja mmoja kutoka Dar es Salaam, na wiki ile ile mteja huyo akabisha hodi Ibighi. Aliitwa Erasto. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na viatu vyake havikuwa na tope, ingawa mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo.

"Shikamoo, mzee. Kuna watu Ulaya wanakusanya vitabu vya namna hii," alieleza. "Picha za dunia isiyokuwepo, maandishi yasiyosomeka. Mimi nawatafutia." Alifunua kurasa polepole. "Nani mwingine anajua kusoma haya?"

"Hakuna."

"Vizuri. Ibaki hivyo."

Alilipa vizuri kiasi kwamba nyumba ilipata mabati mapya. Akaacha pia bunda la karatasi nene, nyeupe, na chupa tatu za wino. "Kwa ajili ya kitabu cha pili," alisema.

Mzee alipomaliza cha pili, aliacha kusoma gazeti. Alisema macho yamechoka. Alipomaliza cha tatu, yakatokea ya kanisani.

Lazaro alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili ile zamu ya kusoma somo ilikuwa yake. Alipanda mbele, akafungua Biblia. Watu wakangoja. Kisha kidole chake kikashuka hadi mwisho wa ukurasa, kikaanza kupanda, na kutoka kinywani mwake zikaja sauti ambazo hazikuwa Kiswahili wala Kinyakyusa. Hakuwa akibwabwaja. Alikuwa akisoma, kwa utulivu, akipumzika penye vituo. Kwaya iliinamisha vichwa. Mchungaji Andongwisye alisogea, akaichukua Biblia taratibu kutoka mikononi mwake, akasema, "Ndaga, tata. Asante, baba. Keti sasa."

Hospitalini daktari alimpima presha, akamwambia anyooshe mikono, atabasamu. Yote yalikuwa sawa. "Labda ni huzuni ya kazi," daktari alisema. "Mpe muda."

Muda ukammaliza. Kufikia Krismasi mzee hakuwa na neno hata moja ambalo mtu angelielewa. Alimtazama Tulinagwe akizungumza kama mtu anavyotazama mvua nje ya dirisha. Akawa anachora kitabu cha nne, siku nzima, bila kuinua kichwa.

Tulinagwe alivumilia mwezi mmoja. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akanyanyua sufuria na kumpa kalamu. Mzee alielewa. Akaandika neno la sufuria. Akaandika la moto, la mvua, la mkono. Masika yote walifanya hivyo, kila alasiri alipotoka shule, na Pasaka ilipofika Tulinagwe aliweza kuandika sentensi nzima: *Baba, unaumwa?*

Mzee aliisoma karatasi kuanzia chini. Akaandika: *Mwanangu, nilidhani umeondoka.*

Tulinagwe alilia siku ile mpaka macho yakavimba. Tangu hapo walizungumza kwa kalamu. Mzee aliomba chumvi iongezwe kwenye mboga. Aliuliza kama kaburi la mama limepaliliwa. Binti alihisi amemrudisha baba yake kutoka mbali sana, na hakujiuliza ni nani aliyesafiri kumfuata mwenzake.

Mwezi wa tano alikuwa akifundisha darasa la tano majina ya mikoa. Aliandika ubaoni, akageuka, akakuta watoto wamekaa kimya na kalamu mikononi. Binti mmoja, Lusungu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hatuoni pa kuanzia."

Tulinagwe aliugeukia ubao. Herufi zilipanda kutoka chini hadi juu, zimeshikana kama mizizi. Na lililomtia baridi ni kwamba alizisoma bila shida yoyote: Mbeya, Iringa, Rukwa. Alifuta ubao, akashika chaki aandike upya, na kwa dakika nzima hakukumbuka M inavyoandikwa.

Siku mbili baadaye Erasto alikuja kuchukua kitabu cha nne, kama alivyochukua vile vitatu. Tulinagwe alisimama mlangoni.

"Hauzwi," alisema. Akajisahihisha haraka, "Hakiuzwi. Baba ni mgonjwa."

Erasto alichungulia ndani, akamwona mzee dirishani. Hakushtuka. "Wote huishia hivyo," alisema kwa upole. "Yule wa Songea ilimchukua vitabu vitano. Lakini hawasikii maumivu, usiogope."

"Ulijua?"

Macho ya Erasto yalikuwa kwenye vidole vya Tulinagwe, vyenye madoa ya wino. "Na wewe, Mwalimu," aliuliza, "umeanza kuchora?"

"Toka nyumbani kwetu!"

Alitoka, hakubishana. Lakini aliacha bunda jipya la karatasi kwenye benchi la barazani, limefungwa vizuri, kana kwamba ana hakika litatumika.

Tulinagwe alilipeleka moja kwa moja jikoni, akalitia motoni. Kisha akaketi mbele ya baba yake na kuandika yaliyompata darasani. Mzee alisoma mara mbili. Akachukua kalamu.

*Acha. Mmoja anatosha.*

Binti alipotaka kumjibu, mzee alifunika karatasi kwa kiganja. Kuanzia siku ile hakumwandikia tena, na kila binti aliposhika kalamu, aligeuza uso ukutani. Waliketi pamoja jioni wakipukuchua maharage, magoti yakigusana, bila neno la lugha yoyote. Hicho ndicho mzee alichoweza kumpa.

Alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukungu. Tulinagwe alikiweka kitabu cha nne chini ya mto wa marehemu kabla jeneza halijafungwa, bila kukifungua.

Shule ilipofunguliwa alimwomba mwalimu mkuu ampe darasa la kwanza. Wenzake walishangaa, kwa maana ni darasa la kelele na makamasi. Kila asubuhi anachora herufi kubwa ubaoni, na darasa zima linaimba naye: a, e, i, o, u. Anasema anawapenda watoto wadogo, na ni kweli. Ila zipo asubuhi ambazo anasimama na chaki mkononi, akingoja wao ndio waanze.