Koti la Ufunguo

Shela lilikuwa limeshabanwa kwenye fremu ya mashine ya kudarizi, uzi wa dhahabu umeshatungwa, na bibi harusi alitakiwa kulivaa saa saba mchana. Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi. Kipara akawasha kompyuta, akafungua programu ya kuchora maua. Ikamjibu kwa herufi nyekundu: UFUNGUO HAUJAPATIKANA.

"Haujapatikana wapi? Si huo hapo!" Kipara akaifokea.

Ufunguo wenyewe ni kidude cha USB, mfano wa flashi. Usipouchomeka, programu haifunguki hata uipigie magoti. Na ulikuwa umechomekwa. Kipara akauchomoa, akaupuliza, akaurudisha. Nyekundu. Akauhamishia tundu la pili. Nyekundu. Akazima kompyuta, akaiwasha upya, akaisubiri huku anatikisa goti. Nyekundu ileile.

"Hilo shela la mdogo wangu," mkewe akamkumbusha kutoka kwenye cherehani. "Likitoka jeupe pee bila ua hata moja, utamweleza wewe."

"Nitamwambia ni fasheni mpya."

"Thubutu!"

Mama mkwe, aliyekaa dirishani akishona pindo la gauni lake, aliguna tu. Mguno ule Kipara aliuogopa kuliko matusi.

Akampigia fundi wa kompyuta, akaweka spika.

"Kaka, umechomoa ukachomeka?"

"Mpaka tundu limeanza kulegea."

"Ukichomeka, taa ya kijani inawaka?"

"Taa siioni. Naona koti."

"Koti gani?" fundi akashangaa.

"La mahameli. Tena lina vifungo."

Hapo ndipo Kipara alipong'amua, na jasho likamtoka. Koti lile mama mkwe aliushonea ufunguo jana jioni, baada ya kusikia kwamba ufunguo ukipotea haupatikani mwingine. Na yeye Kipara, kwa mdomo wake, alilisifia: "Mama, hata mimi sina koti kama hili."

"Limefika mpaka mdomoni?" fundi akauliza.

"Lina pindo," Kipara akanong'ona. "Limekunjwa mara mbili."

"Basi ufunguo haujaingia wote, pindo limeuzuia. Uvue nguo huo, ndugu yangu!"

Mke akalalia cherehani kwa kicheko. Kipara akageuka polepole.

"Mama, si kwamba koti ni baya..."

"Lete hapa." Mama mkwe akashika mkasi, akafumua pindo kwa mikato mitatu. "Jana uliniona nalishonea shingo ndefu kama ya twiga, ukanisifia tu. Ungesema, 'Mama, hapo umepitiliza,' ningekufa?"

"Ningekufa mimi, mama."

Mama mkwe akacheka mpaka akavua miwani afute machozi. Miaka kumi na moja ya ukwe, Kipara hakuwahi kumwona akicheka hivyo.

Ufunguo ukaingia wote safari hii, taa ya kijani ikawaka, na maua yakajaa kwenye kioo. Kipara akabonyeza kitufe. Sindano ikaanza kugonga.

Saa sita na nusu bibi harusi aliingia mbio, nywele zimesukwa, viatu mkononi. Akakuta waridi la mwisho ndiyo kwanza limekamilika. Hakungoja; akalinyakua shela kwenye fremu, akajitupia kichwani na kuanza kuzunguka.

"Shemeji! Nimependeza?"

"Umependeza, lakini simama kwanza nikate uzi," Kipara akamfuata mbio na mkasi, "au utaolewa ukiburuta mashine!"