Kuni za Kyungu

Nyumbani kwetu hatukuwahi kupikia kuni. Majirani hapa Kalemie walidhani tunajidai, kununua makaa mwaka mzima wakati kuni zimejaa vilimani. Waache wadhani. Dada yangu Kabange alizaliwa pacha, na pacha wake Kyungu alikufa wakiwa wadogo, kwa homa iliyowalaza wote wawili. Katika ukoo wetu pacha hasemwi amekufa. Husemwa amekwenda kutafuta kuni, na mtu halii. Basi tangu siku hiyo kuni zikawa zake, na sisi tukabaki na mbabula yetu, jiko la makaa.

Homa ile ilimwachia Kabange mguu mmoja mwembamba. Hata hivyo alitembea, akaolewa, akauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni kwa mdomo mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo. Kisha, akiwa mtu mzima, mjane tayari, nguvu zikaanza kumtoka. Kwanza alishindwa kuinua beseni, halafu kupanda njia ya kanisani. Mwishowe ikawa pumzi. Akilala chali alihisi amekaliwa kifuani, kwa hiyo nikamleta kwangu, awe analala ameketi kitini na mito mgongoni.

Papa Ilunga, muuguzi wa dispensari, alimpima akaniita pembeni. Alisema ni ugonjwa uleule wa utotoni. Misuli iliyopona ilifanya kazi ya ile iliyokufa, miaka yote hiyo, na sasa imechoka. Dawa hakuwa nayo. Aliniambia nimwangalie hasa akisinzia, maana mtu wa namna hiyo anaweza kusahau kuvuta pumzi.

Nikamwangalia. Baada ya chakula cha mchana, jua kali hata mbwa wamenyamaza, Kabange alisinzia. Pumzi yake ikaenda, ikaenda, ikakatika. Nikainuka kumtikisa. Kabla sijamfikia nikasikia mtu akivuta pumzi nyuma ya kiti, taratibu, kama mtoto aliyelala. Kifua cha dada yangu kikainuka. Nyuma ya kiti palikuwa na ukuta tu.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Nilitoka nje nikasimama karibu na ndagala nilizoanika juani. Niliporudi ilikuwa vilevile: kila pumzi yake ilipokatika, yule wa nyuma alivuta.

Nikaenda kwa shangazi yetu, Mama Thérèse. Serikali ya Zaire ilipofuta majina ya Kikristo, yeye hakufutika. Alimwambia shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, amwite Thérèse au asimwite kabisa. Alinisikiliza, akaweka rozari chini. Alisema Kyungu amerudi kudai nusu yake, na ndiye anayemnyonya dada yangu pumzi. Inabidi apokelewe kuni zake, ashukuriwe, aagwe. Kabange asiambiwe, asije akamshika pacha wake kwa huruma.

Nilimtaka dada yangu awe hai. Nikakubali.

Kesho yake Mama Thérèse aliingia uani kwa mlango wa nyuma, mzigo wa kuni kichwani, kama mtu atokaye porini. Nikaupokea kwa mikono miwili. Tukawasha moto, tukapika bukari, ugali wetu wa muhogo, na ndagala, naye akasema na moshi kwa sauti ya chini.

“Kyungu, mutoto wetu, kuni zako tumeziona. Zinatosha. Sasa enda upumzike, umuachie mwenzako pumzi yake.”

Upepo haukuwapo. Moshi ulisimama pale uani kwa muda, kisha ukaondoka wenyewe kuelekea ziwani. Shangazi akafanya ishara ya msalaba, akasema yamekwisha.

Nilimpelekea Kabange sahani. Alimeza tonge moja, akanusa la pili, akanitazama.

“Ngoy. Leo mumepikia kuni?”

Akalirudisha tonge kwenye sahani.

“Nani alimuambia aende?” Alipumzika kati ya maneno, kama anayepanda kilima na mzigo. “Njo yeye alikuwa ananivutia pumzi.”

Alijitahidi asisinzie. Alishindwa. Pumzi ikaenda, ikakatika, nami nikamngoja yule wa nyuma ya kiti. Kimya. Nilimtikisa, nikamwita, hakuamka, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Kwa kutojua la kufanya nikapenya nyuma ya kiti, mgongo ukutani, nikavuta pumzi kwa sauti, taratibu, kama nilivyomsikia yule mtoto. Kifua chake kikainuka.

Tangu hapo sijatoka. Akiwa macho anapumua mwenyewe, na ndipo nami nasinzia. Akisinzia yeye, narudi ukutani. Ndagala zangu zimeoza mchangani. Shangazi hutuletea chakula, cha makaa, bila kunitazama usoni. Nimemsihi amwite Kyungu arudi. Anasema maneno ya kumuaga anayajua, ya kumwita hakufundishwa.

Nimechoka. Jana mkono wangu ulishindwa kuinua kikombe. Lakini nikivuta, Kabange anavuta. Nikikohoa, ananingoja.