Shingo ya Marehemu

Mashine inayotufundisha useremala hapa chuoni ilijifunza kazi kwa kutazama video za marehemu baba. Alikuwa fundi hasa, ila jicho lake la kushoto lilikuwa halioni. Akipiga randa, aligeuza shingo kushoto apate kuona mstari. Mashine ikadhani na huo ni ufundi.

Sasa wanafunzi ishirini wenye macho mazima tunapinda shingo. Asiyepinda anakatwa alama. Niliwaambia walimu, wakanijibu kwamba mashine haikosei. Haya, nikapinda.

Jana nilikuwa napiga randa uani nyumbani, nimeupa mlango mgongo. Mama akatoka na sufuria mkononi, akasimama. Akauliza taratibu, “Mume wangu, umerudi lini?”